Meli Iliyopotea Huku Skrini Ikisema Iko Njiani

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Juni 1995, saa 4 na dakika 25, meli ya abiria Royal Majesty ilipanda fungu la mchanga liitwalo Rose and Crown, kiasi cha maili 10 mashariki ya kisiwa cha Nantucket nchini Marekani. Ilikuwa inatoka Bermuda kwenda Boston, na ndani yake mlikuwa na watu 1,509. Injini zilikuwa nzima, rada zilikuwa nzima, na maafisa wake walikuwa watu wenye vyeti na miaka mingi baharini. Hata hivyo meli ilikuwa imetoka nje ya njia yake kwa maili 17, na katika chumba cha usukani hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari.

Tumshukuru Mungu, hakuna aliyekufa wala aliyeumia. Hasara ilifika dola milioni 7 hivi. Lakini kila ninaporudi kuisoma kesi hii, kinachonitia hofu ni zile saa nyingi kabla ya ajali, ambapo dalili zilikuja moja baada ya nyingine, kila moja ikatafutiwa maelezo, kisha ikawekwa kando. Naiandika hapa kwa sababu sioni kitu chochote kinachonihakikishia kwamba ningekuwa zamu usiku ule ningefanya vizuri zaidi. Sisi sote tunaotembea na GPS mfukoni tuko karibu na kosa hili kuliko tunavyodhani.

Mkasa ulianza adhuhuri ya siku iliyotangulia. Royal Majesty iling'oa nanga St. George's, Bermuda, baada ya afisa anayehusika kukagua vyombo vya uongozaji na kuviona vyote viko sawa. Na kweli vilikuwa sawa. Muda mfupi baadaye, kabla saa moja haijatimia tangu meli iondoke bandarini, waya wa antena ya GPS ulichomoka kwenye kiungo chake. Antena ile ilikuwa imehamishwa miezi kadhaa nyuma, na waya wake ulilazwa wazi juu ya paa, mahali ambapo mtu anapita na kuweza kuukanyaga au kuupiga teke. Tangu dakika ile kipokezi cha GPS hakikusikia tena setilaiti hata moja.

Lau kingenyamaza, safari ingeendelea salama. Skrini tupu humshtua hata mlevi wa usingizi. Lakini kipokezi kilitengenezwa kisinyamaze. Kikikosa setilaiti, kinachukua mwelekeo kutoka kwenye dira na mwendo kutoka kwenye kipima mwendo, kisha kinaendelea kukisia mahali meli ilipo kwa hesabu. Namba ziliendelea kutokea zikiwa nadhifu, zikibadilika kila baada ya muda, kama kawaida. Tofauti iliyoonekana ilikuwa herufi chache ndogo kwenye skrini, DR, zikimaanisha kwamba sasa chombo kinakisia, na SOL, zikimaanisha kwamba hakipati jibu la kutegemewa. Kengele ilikuwapo pia: mlio mwembamba kama wa saa ya mkononi, uliodumu kiasi cha sekunde moja. Kipokezi kilikuwa na mahali pa kuunganisha kengele kubwa ya nje. Hakuna aliyeiunganisha.

Hapo ndipo dalili ya kwanza ilipopita. Herufi zile zilikaa kwenye skrini karibu saa 34. Maafisa walipokezana zamu mbele yake, wakasoma latitudo na longitudo, wakaandika, wakaondoka. Macho yalienda kwenye namba kwa sababu namba ndizo zilizohitajika kwenye ramani. Nani kati yetu huangalia alama ndogo za pembeni wakati jibu analolitaka liko katikati, kubwa na wazi?

Kukisia njia si jambo baya. Mabaharia wamekisia njia kwa karne nyingi kabla hatujajua setilaiti ni nini, na wazee wetu wa majahazi walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Lakini kila mzee wa jahazi alijua kwamba dira inakwambia chombo kimeelekea wapi, haikwambii mkondo na upepo vinakisukumia wapi. Kwa hiyo aliendelea kutafuta hakika: nyota, kina cha maji, rangi ya bahari, kilima cha pwani. Kipokezi cha Royal Majesty hakikuwa na njia ya kujua upepo na bahari vinaisukuma meli upande wa magharibi. Kilikisia safari iliyonyooka, na meli ikazidi kuiacha njia kidogo kidogo, saa hadi saa.

Usukani wa kujiendesha nao ulikuwa unasoma namba kutoka kwenye GPS hiyohiyo. Wahandisi waliouunda hawakuutayarisha kutambua kwamba GPS imeacha kupokea na imeanza kukisia. Uliziamini namba, ukazichora kwenye skrini yake juu ya ramani, na alama ya meli ikaonekana iko katikati kabisa ya mstari wa safari. Kwa hiyo afisa wa zamu alipoangalia GPS, kisha akaangalia skrini ya usukani, aliona vitu viwili vinavyokubaliana. Aliridhika. Ni sawa na kusikia habari kwa jirani, kisha ukaenda kuithibitisha kwa mwanawe aliyeisikia kwa babake.

Shahidi wa kweli alikuwapo palepale. Meli ilikuwa na Loran-C, chombo kingine cha kujua mahali, kinachopokea mawimbi ya redio kutoka minara iliyojengwa nchi kavu. Hakikuwa na uhusiano wowote na setilaiti wala na ule waya wa paani, na safari nzima kilikuwa kizima. Maafisa walichora mahali pa meli kwenye ramani kila saa, kwa bidii na nidhamu, lakini waliyachukua makadirio yote kutoka kwenye GPS. Loran-C kwao ilikuwa akiba ya siku GPS itakapoharibika. Kwa kuwa GPS ilionekana nzima, hawakuona haja ya kuiuliza. Kuilinganisha mara moja tu, jioni ile ya tarehe 10, kungeonyesha tofauti ya maili nyingi mno, ambayo hakuna baharia ambaye angeipuuza.

Sasa fuatana nami jioni ile, maana funzo lenyewe limelala humo.

Mlango wa njia za meli za kuingia Boston ulikuwa na maboya yaliyojulikana kwa herufi. La kwanza liliitwa BA. Afisa mkuu alikuwa analitarajia kabla ya saa 2 usiku, na kweli rada ikaonyesha kitu mbele, kwa wakati ule na mahali pale alipokitarajia. Alipotazama kwa macho hakuweza kulitambua boya kwa sababu ya mng'ao wa jua linalozama juu ya maji. Akaamua kuwa ndilo. Nahodha alipouliza kama BA limeonekana, jibu likawa ndiyo. Kumbe lilikuwa boya jingine, lile la Asia Rip, lililowekwa kuonyesha meli iliyozama, maili kama 15 kutoka BA lilipokuwa. Kwa bahati mbaya kubwa, boya lisilo lenyewe lilitokea kwa wakati ulio wenyewe.

Silaumu sana hapa. Akili ya binadamu ikishaambiwa nini cha kutarajia, hukiona. Lakini angalia maneno yalivyosafiri. Afisa alijua kwamba amekiona kitu kwenye rada na kwamba macho yake hayakuthibitisha. Nahodha alipokea neno moja, ndiyo. Shaka ilibaki kwa afisa, na uhakika ndio ulioendelea mbele.

Saa 2 usiku zamu ikabadilika, akaingia afisa wa pili. Muda si mrefu baharia aliyewekwa kutazama mbele akaripoti taa ya manjano upande wa kushoto. Afisa akaitikia kwamba amesikia. Kisha watazamaji wakaripoti taa nyekundu zilizo juu, upande uleule wa kushoto. Afisa akaitikia tena. Katika njia ya meli ya kwenda Boston, mbali na pwani namna ile, hakuna jambo la kuleta taa nyekundu za juu. Taa za namna hiyo huwa juu ya minara, na minara inajengwa nchi kavu. Nchi kavu ilikuwa Nantucket.

Katika muda huohuo wavuvi waliokuwa na mashua zao karibu waliiona meli kubwa ikipita mahali isipostahili. Walijaribu kuita redioni, kwa Kiingereza, wakiiita meli ya abiria na kutaja mahali ilipo. Hawakujibiwa. Napenda kuwakumbusha wenzangu hili kila ninapopata nafasi: wale wavuvi hawakuwa na mitambo ya mamilioni, walikuwa na macho na uzoefu wa maji yao, na walijua.

Likafuata boya la pili, BB. Afisa wa pili hakuliona, wala kwa macho wala kwenye rada. Rada yake alikuwa ameiweka ionyeshe eneo la karibu tu. GPS ilisema wamelipita boya, naye akajiambia kwamba huenda rada haikulinasa. Nahodha, ambaye nakiri alikuwa mtu wa kuulizia kazi yake, aliuliza kama BB limeonekana. Afisa akajibu kwamba limeonekana. Nahodha akaja mwenyewe hadi chumba cha usukani, akaangalia ramani na skrini, akaona kila kitu kiko kwenye mstari, akaondoka akiwa ameridhika.

Tafadhali simama hapa kidogo, msomaji. Afisa hakusema neno lile kwa nia ya kuizamisha meli. Alisema limeonekana kwa sababu moyoni mwake alikuwa na hakika kwamba liko pale, skrini imesema. Chombo kilikuwa kimechukua mahali pa macho yake kiasi kwamba kuona na kuambiwa vilikuwa kitu kimoja. Mimi naliogopa kosa hili kuliko yote yaliyotokea usiku ule, kwa sababu linafanyika kwa nia njema.

Dakika chache kabla ya ajali, watazamaji wakaripoti maji ya buluu na meupe mbele ya meli. Mtoto yeyote aliyekulia pwani anajua maji meupe katikati ya bahari yanamaanisha nini: wimbi linavunjikia juu ya kitu. Meli ikapita humo bila kugusa, na kwa kuwa haikugusa, jambo likaisha. Kisha ikayumba ghafla kuelekea kushoto, ikayumba tena, na afisa akaanza kupambana na usukani kwa mkono. Kabla hajafaulu, ikapanda fungu.

Kulikuwa na mlinzi mmoja zaidi ambaye angeweza kusema, kipima kina. Chombo hiki hupiga kengele maji yanapopungua chini ya meli kupita kiwango ulichokiweka. Baharini kilitakiwa kuwekwa mita 3. Usiku ule kilikuwa kimewekwa sifuri, kiwango kinachotumika bandarini ili kengele isisumbue. Hakuna aliyekumbuka kukirudisha. Kengele ya kina iliyowekwa sifuri haiwezi kulia ila meli ikiwa imeshagusa.

Nahodha alipofika mbio, alipanua rada ione mbali zaidi, na Nantucket ikatokea mbele ya macho yake. Ndani ya muda mfupi akajua kwamba GPS imekosea kwa maili nyingi. Vyombo vilivyompa jibu vilikuwa palepale tangu Bermuda. Meli ilikaa juu ya fungu karibu siku nzima hadi tagi zilipoivuta usiku wa tarehe 11.

Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa ripoti yake mwaka 1997. Ilitaja maafisa kuutegemea mno mtambo unaojiendesha, kampuni kutowafundisha vya kutosha kuutumia, na makosa katika namna mtambo wenyewe ulivyoundwa na kuunganishwa. Nakubaliana na mgawanyo huo wa lawama. Mlio wa sekunde moja kwa tukio zito kiasi kile ni kosa la muundaji, na haifai kumtupia mzigo wote mtu wa zamu.

Pengine utasema hayo ni ya mwaka 1995, siku hizi vipokezi vimeendelea. Vimeendelea kweli. Kipokezi kinahitaji setilaiti 4 ili kijue mahali na saa. Kikiona ya 5, kinaweza kuzilinganisha na kugundua kwamba kuna mojawapo inayosema uongo. Kikiona ya 6, kinaweza kuitambua na kuiacha. Marekani na Ulaya zimejenga pia mitandao ya vituo vya ardhini, WAAS na EGNOS, vinavyosikiliza setilaiti usiku na mchana na kuwaonya marubani ndani ya sekunde chache ishara zikiwa na kasoro. Kazi hii ya kulinda uaminifu wa ishara inafanywa na watu makini sana. Lakini ulinzi huo unaishia kwenye skrini. Kuanzia skrini hadi kwenye uamuzi, ulinzi ni wako.

Na kasoro haziji kwa waya uliochomoka peke yake. Tarehe 26 Januari 2016, wakati setilaiti kongwe ya GPS inaondolewa kazini, kosa la programu ya ardhini lilifanya baadhi ya setilaiti zitangaze saa yenye kosa la mikrosekunde 13 hivi. Mtu hawezi kuzihisi mikrosekunde 13. Mitambo ya mawasiliano inazihisi, maana minara mingi ya simu na redio za kidijitali hupangwa kwa saa inayotoka juu. Kengele zililia katika nchi mbalimbali kwa saa kadhaa, na matangazo ya kidijitali ya redio ya BBC yakavurugika. Waliopona vizuri ni wale ambao mitambo yao ilikuwa na saa yake nyingine imara ndani, ikaweza kusema: hii niliyoletewa hailingani na yangu.

Juni 2017, katika Bahari Nyeusi, nahodha mmoja karibu na bandari ya Novorossiysk aliona GPS yake ikimweka uwanja wa ndege wa Gelendzhik, nchi kavu. Setilaiti zilikuwa hazina tatizo. Kuna aliyekuwa akirusha ishara za bandia. Nahodha huyo alifanya lile ambalo halikufanyika Royal Majesty. Alishuku chombo chake, akawauliza wenzake wa meli za jirani, akakuta meli zipatazo 20 zimewekwa uwanja wa ndege uleule, akaripoti.

Hili linatuhusu hata tusiokwenda Boston. Wavuvi wetu wengi wa pwani sasa wana GPS ya mkononi. Wapima ardhi wanaweka mipaka ya viwanja kwa setilaiti. Mafundi wa mitandao wanaachia seva zao saa inayotoka angani. Kila mmoja wao ana namba nadhifu mbele yake na alama ndogo pembeni. Mpima ardhi aanze kazi kwenye alama ya zamani ambayo viwianishi vyake vinajulikana, na airudie kabla ya kufunga vifaa. Fundi wa seva aweke vyanzo vya saa zaidi ya kimoja, visivyotoka antena moja. Mvuvi asiiache bandarini elimu ya babake ya kusoma milima na mkondo kwa sababu amenunua kifaa kipya.

Sasa nawageukia ninyi manahodha na walimu wa vyuo vya bahari, maana kwenu uzito ni wa roho za watu. Ile Loran-C iliyokuwa karibu na mikono ya maafisa wa Royal Majesty haipo tena Marekani. Ilizimwa mwaka 2010. Shahidi wa pili mtamtafuta wenyewe: rada, dira, kina cha maji, taa za pwani, macho ya baharia mnayemweka mbele. Mkimweka, msikilizeni, na akiripoti taa msizozitarajia, mtu asiitikie tu, aende kwenye ramani kuitafuta taa hiyo. Anayeulizwa kama boya limeonekana ajibu kwa yale macho yake yaliyoyaona, na anayeuliza aongeze swali moja: umeliona kwa kutumia nini?

Na kabla ya safari ijayo, mkiwa bado gatini, mwiteni kijana wa zamu aje mbele ya skrini, kisha mchomoe waya wa antena mbele yake. Aangalie namba zinavyoendelea kutembea. Azitafute herufi zinazobadilika hadi azione mwenyewe, asikilize kengele inalia kwa muda gani na kama inasikika akiwa nje kwenye ubavu wa chumba. Kama haisikiki, mwiteni fundi aunganishe kengele kubwa kabla hamjang'oa nanga.